Futi Tano za Nguzo ya Simu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule unaopanda kutoka ziwani na kutambaa juu ya miwa ya Ndhiwa mpaka mtu haoni anapokanyaga. Mimi nimesimama katikati ya barabara ya changarawe, jicho moja nimelifumba, natazama fito tatu za rangi nyekundu na nyeupe kama zimekaa kwenye mstari mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa napanga nguzo za simu, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Tangu jana ulipokuja kuniaga, asubuhi hiyo haijaniacha. Ulinifungulia tableti yako ukanionyesha mstari mwekundu unaotoka Ndhiwa kuelekea upande wa Kisegi, ukasema, "Baba, hapa ndipo tutachimba mfereji wa faiba, nyaya za intaneti. Ni pembeni mwa barabara, nje ya nyua za watu, kwa hiyo hatutamsumbua mtu." Nikasema mashallah, kisha nikafumba macho. Ukadhani nimesinzia, ukaniondolea miwani taratibu na kuifunika tableti. Wazee tuna faida hiyo, tukifumba macho watu hutuachia nafasi. Lakini sikuwa nimelala. Nilikuwa bado naiona sehemu moja ya mstari wako, pale barabara inapopinda kidogo baada ya kijito. Kuna mtu amelala pale, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyebaki ninayejua.

Basi leo kaa, usiangalie saa. Nitakwambia polepole, maana jambo lenyewe kila nikilikumbuka huja polepole.

Unajua babu yako alikuwa na duka la vitambaa Homa Bay mjini. Alitaka niwe nyuma ya meza, nipime kanga na khaki mpaka nizeeke. Mimi nilitaka kutembea. Siku niliyosikia kwamba fundi mmoja wa nyaya za simu anatafuta msaidizi anayejua kusoma na kupima, niliacha futi ya kitambaa pale pale mezani nikaenda kushika futi ya nguzo. Babu yako alinuna mwezi mzima. Mama yake mdogo alisema nimelogwa.

Fundi yule tulimwita Mzee Chacha, Mkuria wa upande wa Isebania, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini hata akikasirika. Alikuja na vijana watatu wa kwao wa kuchimba. Mimi nilikuwa Mswahili wa mjini, wao Wakuria, na nchi tuliyokuwa tunaichimba ni ya Wajaluo. Ukumbuke hilo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa kwenye udongo ule.

Kazi ilikuwa kuvuta waya mpaka kwenye kituo cha afya kilichokuwa mbali ndani huko. Enzi hizo mama akishikwa na uchungu alibebwa kwenye baiskeli hadi kituoni, akifika anaambiwa gari limekwenda Homa Bay tangu asubuhi, na hakuna njia ya kuliita lirudi. Kwa hiyo tulijua tunafanya jambo jema. Hilo nalo ulikumbuke, mwanangu. Nilikosea nikiwa kwenye kazi njema, na wema wa kazi ndio uliokuwa unaniziba masikio.

Siku hiyo Mzee Chacha alilazimika kwenda Migori kufuata vikombe vya kushikia waya vilivyokuwa vimetuishia. Vigingi vya nguzo zilizobaki alikuwa ameshavipigilia. Akaniachia kamba ya kupimia na daftari.

"Vigingi ziko tayari," aliniambia. "Wewe fuata tu. Lakini mtu akikwambia kitu hujui, ngoja mimi nirudi."

Nikasema sawa mzee. Alipopotea kwenye ukungu nilivaa ile kofia yake ya zamani aliyoisahau, nikaanza kutembea na mikono nyuma kama yeye. Wale vijana walinicheka, nami nikawaacha wacheke.

Kigingi cha kwanza kilikuwa nje ya boma moja, hatua chache kutoka kwenye ua wa mikonge, kandokando ya barabara. Nilishangaa jambo moja. Mahali pote palikuwa na nyasi na mbigili, ila pale kigingi kiliposimama palikuwa pamefagiliwa. Pamefagiliwa vizuri, alama za ufagio zinaonekana. Nikamwambia kijana mmoja, "Angalia, huku hata barabara wanaifagia." Tukacheka, tukaweka chini sururu na mtaimbo.

Mama mmoja akatoka langoni. Alikuwa mtu mzima, kitambaa kichwani, ufagio wa chelewa mkononi. Baadaye nilijua anaitwa Min Atieno, yaani mama yake Atieno. Huko mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi sikuuliza Atieno ni nani wala yuko wapi.

"Nyathina," aliniita, maana yake mtoto wangu. "Hiyo kijiti mtoe hapo. Muweke kule, hatua tatu tu."

"Kwa nini, mama?"

"Hapo kuna mtu yangu."

Sasa mwanangu, nimtetee kidogo yule kijana niliyekuwa, kwa sababu hakuwa na moyo mbaya. Wiki mbili nzima, kila boma tulilofika tuliambiwa kuna kaburi. Mzee mmoja alitusimamisha akikaribia kulia, tukasogeza nguzo mbili, na wiki iliyofuata tukakuta amepanda maharagwe juu ya hilo kaburi lake, yameshaota. Nilikuwa nimechoka kudanganywa. Tena makaburi ya watu wale nilikuwa nimeyaona mengi, na yote yalikuwa ndani ya boma, mbele ya nyumba au kando yake. Hapa tulikuwa nje ya ua, kwenye hifadhi ya barabara. Na kusogeza nguzo hatua tatu kungepinda mstari wangu mzuri, na nguzo ya kwenye kona inataka waya wa kuishikilia, na huo waya hatukuwa nao.

Nikamwambia yote hayo kwa adabu ya mdomoni. Nikamwonyesha daftari. Nikamwambia, "Mama, hapa ni ardhi ya serikali, makaburi yako kule ndani."

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza. Nikamtajia duka la baba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la swali jingine, akarudi ndani. Nikadhani nimeshinda.

Tukachimba. Wiki zile mbili tulikuwa tumepambana na changarawe, sururu inagonga inarudi, mikono inaungua. Shimo moja lilitumalizia nusu ya siku. Lakini pale, mwanangu, udongo ulikuwa laini. Sururu ilizama yenyewe. Rangi ilikuwa ya kuchanganyika, mweusi ndani ya mwekundu, na hata mawe hayakuwapo. Wale vijana wakaanza kuimba kwa Kikuria. Mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Jua lilikuwa linachungulia kwenye ukungu, kila kitu kilikuwa na rangi ya maziwa, na nilijisikia kama mtu aliyebebwa.

Mchimbaji yeyote anajua maana ya udongo kama ule. Mimi nilijua, na wale vijana walijua. Tulikuwa tunafurahi tu, na furaha ile ikatosha kutuzuia tusiseme.

Tulipofika futi tatu Min Atieno akarudi. Safari hii alibeba kibuyu cha uji na vikombe vinne vya bati. Akaviweka chini, akamimina, akampa kila mmoja wetu kikombe chake kwa mikono miwili. Akasimama ukingoni akitazama ndani ya shimo.

"Udongo iko laini," alisema.

"Laini sana, mama," nilijibu, kikombe mdomoni. "Tungepata hivi kila mahali tungekuwa tumemaliza."

"Ni sisi tulifanya laini," akasema. "Mimi na shemeji zangu."

Wale vijana waliacha kunywa. Mmoja alitoka shimoni akaenda kusimama mbali, ng'ambo ya barabara. Mimi nilibaki na kikombe changu, na nitakwambia nilichokifanya, maana nimekibeba miaka yote hii na sijawahi kumwambia hata mama yako. Nilipiga hesabu. Nguzo ya simu huingia ardhini futi tano. Mtu huzikwa futi sita. Nikainua kichwa, nikamwambia mama yule, kwa sauti ya mtu anayefariji, "Usijali mama. Sisi ni futi tano tu. Hatutamfikia."

Alingoja tumalize uji wake, akakusanya vikombe vyake, akaenda.

Ndiyo, tuliunywa ule uji wote. Hilo ndilo linaloniuma kupita mengine.

Tukasimamisha nguzo. Tukashindilia udongo kwa mtaimbo na kwa miguu, kama inavyotakiwa, mpaka ukakaza. Mstari ulikuwa umenyooka, Alhamdulillahi, ungeweza kuupigia picha. Min Atieno alikuja na kigoda chake akakaa chini ya nguzo, mgongo kaugeuzia barabara. Alikaa siku ile mpaka tunaondoka, na kesho yake tulimkuta ameshafika. Hakulia wala kutulaani. Alikuwa anafagia kuizunguka nguzo, halafu anakaa.

Mzee Chacha alirudi kutoka Migori alasiri ya siku ya pili. Alifumba jicho moja akatazama nguzo zangu, akasema, "Umenyoosha vizuri." Moyo wangu ukaruka. Kisha akamwona mama kwenye kigoda.

"Huyu mama anangoja nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata hesabu yangu ya futi tano, tena hiyo niliieleza kwa majivuno kidogo, nikidhani ataipenda. Alisikiliza akiwa ametazama chini.

"Mama yako iko hai?" aliniuliza.

"Yuko, mzee."

"Siku akilala, mimi nitakuja kwa kaburi yake na hii mtaimbo. Nichimbe futi tano. Nikwambie sijamfikia. Utasema nini?"

Machozi yalinitoka mbele ya vijana wale wale niliokuwa nawaamrisha, na sikuwa na mahali pa kuficha uso.

"Nguzo watatoa vijana," alisema. "Udongo utarudisha wewe, na mikono. Na usikanyage."

Nikapiga magoti pale, mwanangu, na suruali yangu ya khaki niliyoletewa kutoka dukani. Nikarudisha udongo kiganja kwa kiganja. Min Atieno alinitazama kwanza. Halafu akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti upande wa pili, tukawa tunarudisha pamoja. Mahali pengine pote tulizoea kushindilia ardhi ikaze. Pale alinifundisha kuuweka udongo bila kuubonyeza, kama mtu anayemfunika mtoto asimwamshe.

Ndipo akanieleza. Atieno alikuwa binti yake wa kwanza, aliugua akafa akiwa msichana mkubwa, hajaolewa. Kwa mila yao binti kama huyo halali ndani ya ua pamoja na kaka zake, kwa sababu tangu azaliwe alihesabiwa mtu wa kwenda kuwa na boma lake kwingine. Hulazwa nje, karibu na ua, upande wa njia. Hawekewi saruji wala jiwe. Kaka zake walikwenda kutafuta kazi, mashemeji waliochimba walikuwa wazee, na siku yeye mwenyewe akisahau hapo mahali, basi hakuna Atieno tena. Ndiyo maana alifagia kila asubuhi. Alama ya kaburi lile ilikuwa ufagio wake, basi.

"Alikuwa anajua kusoma," aliniambia. "Watu wa hapa yote walikuwa wanakuja kwake. Yeye ndio alikuwa anaandikia watu barua ya Nairobi, ya Mombasa. Anaandika mpaka kidole inauma."

Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, halafu Mzee Chacha akanifundisha maneno mawili ya Kijaluo, nikaomba tena. Alinishika bega akasema nimalize udongo kabla mvua haijaja. Ndivyo alivyonisamehe, sikupata maneno mengine zaidi ya hayo. Nguzo ilihamia ng'ambo ya barabara, mstari wangu ukapata kona, na waya wa kuushikilia nikatembea mwenyewe kwa miguu kwenda kuutafuta.

Siku simu ilipounganishwa kituoni, watu walifurika kuiona. Ilikuwa simu nyeusi ya kukoroga kwa mkono, ukikoroga anaitika dada wa kituo cha simu cha Homa Bay. Min Atieno naye alikuja, amevaa nguo ya kanisani. Nikamwita mbele ya wote, nikakoroga, nikampa mkono wa simu. Nikasikia ile sauti ndogo ikiuliza, "Nikuunganishe na nani?"

Alifikiri sana. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza.

"Hakuna mtu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nasikia tu. Ero kamano." Akaurudisha mkono wa simu, akashukuru tena, akaenda zake nyumbani.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Zile nyaya zilianza kukatika, nyingine zikaibwa, nguzo zikawa za kujengea mazizi. Kisha ikaja minara kwenye vilima, na simu za mkononi, kwanza zile nzito zilizohitaji mtu apande kwenye kichuguu ndipo apate netiweki, halafu hizi. Leo wavuvi wa Kisegi wanajua bei ya samaki kabla hawajafika ufukweni. Mama mwenye uchungu anaita gari akiwa kitandani kwake. Mimi mwenyewe, mzee wa fito na kamba, namwona mjukuu wangu aliye ng'ambo akinionyesha meno yake mapya. Sichukii hata kimoja katika hivi, wala sikuzuii kwenda. Ningekuwa na magoti ningekuja tuchimbe wote.

Lakini mara nyingi mchana, hapa barazani, usingizi ukinijia nusu, ninarudi kwenye ule ukungu. Namwona mama na ufagio. Miaka michache iliyopita nilipita pale na gari la rafiki. Min Atieno alishafariki. Boma limekwisha, miwa imelifunika lote hadi kwenye ua wa mikonge, na kando ya barabara zimeota nyasi kama mahali pengine. Hakuna anayefagia. Nilimwomba rafiki asimamishe gari nikasimama kwenye zile nyasi, na nilipajua pale pale, kwa magoti yangu, maana niliwahi kupiga magoti hapo.

Sasa wewe unakwenda kuchimba nje ya nyua za watu, na unasema huko hakuna mtu. Mwanangu, huko ndiko waliko mabinti. Ramani yenu ina mito, ina madaraja, ina mabomba ya maji. Wao haiwaonyeshi. Njia nzima kutoka Ndhiwa hadi Kisegi wamelala upande huo huo mliouchagua kwa sababu ni mtupu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uishike. Ukifika kwenye boma, weka tableti chini kwanza, salimia, umtafute mama mzee kuliko wote umuulize nje ya ua huu kuna nani. Uulize nani, usiulize kama kuna kaburi, kwa sababu ukiuliza kaburi utaonyeshwa yale yenye saruji tu. Atakudanganya mmoja, watakudanganya watano, wavumilie, usimwadhibu wa sita kwa makosa yao. Ukiona mahali pamefagiliwa, uliza. Na mchimbaji wako akianza kuimba kwa sababu udongo ni laini, msimamishe. Usipige hesabu ya futi. Mstari ukipinda, acha upinde, faiba yenu haiumwi na kona, na ofisini utaeleza kama nilivyoeleza mimi. Aliyekukirimu uji usimfanyie jambo ambalo huwezi kulisema mbele ya mama yako.

Na sasa niletee hiyo tableti, unifungulie tena. Kijito hiki hapa. Kona ni hii. Rudi nyuma kidogo, kidogo tena, upande wa kushoto. Hapo. Bonyeza hapo, uweke ile alama yenu mnayowekea vitu visivyoguswa. Inataka jina? Andika Atieno. Andika binti wa kwanza wa boma lililokuwa hapa, alikuwa akiwaandikia watu barua. Mimi sitakaa sana, na kuanzia leo tuko wawili tunaojua.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza, akulinde njiani wewe na wachimbaji wako, akina mama wa huko wakupokee kama mtoto wao, na mikono yako isiwahi kumwamsha aliyelala.